Sura ya Sita: Injini Isiyo na Siri

Kiangazi kimoja, nje kidogo ya mji wa Ifakara, nilimkuta mnunuzi wa skrepa akipima flaiwili mbili za injini ya Lister. Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye tawi la mwembe, na kila flaiwili ilipotundikwa tawi lilinyong'onyea. Zilikuwa zimepakwa rangi ya kijani siku za nyuma, tena na mtu aliyejali, kwa maana hata kwenye kona za ndani za spoku, mahali ambapo brashi huingia kwa taabu, rangi ilikuwepo. Chini ya mti palikuwa na springi za Land Rover, diski za jembe la trekta zilizolika hadi kubaki kama sahani, na rundo la minyororo ya pikipiki. Nikauliza injini yenyewe iko wapi.

"Bloku imeshaondoka, kaka," alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Tuliivunja kwa nyundo kwanza. Nzima haibebeki."

Sikumlaumu. Mwenye mashine alikuwa ameshafunga mota ya umeme, anakoboa magunia mengi zaidi kwa siku, na hana tena kijana wa kuamka alfajiri kupiga hendeli. Anayetaka arudi kwenye dizeli ili wapita njia wafurahie mlio, hajawahi kulipia dizeli. Lakini nilipokuwa nikirudi mjini kwa bodaboda nilijiuliza swali ambalo limenitoa jasho kuliandikia sura hii: kwenye ile mizani, kilichopimwa kwa kilo kilikuwa nini hasa?

Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo. Mto unafurika, maji yanatandaa uwandani, na yakishuka yanaacha udongo ambao umelifanya jina la bonde lisomeke kwenye magunia ya mchele sokoni Dar es Salaam. Mpunga hauliwi na maganda yake. Kila kilo iliyovunwa Mngeta, Mchombe, Lupiro au Malinyi lazima ipite mahali fulani ivuliwe. Zamani palikuwa kinuni, kwa mchi, kwa mabega ya wanawake. Kisha pakawa mashineni. Angalia lugha ilivyofanya: hatusemi tunakwenda kwenye kiwanda cha kukobolea nafaka. Tunakwenda mashineni, kama vile tunavyokwenda sokoni au kisimani, kana kwamba duniani kuna mashine moja tu na kila mtu anajua ilipo.

Mashine hiyo ya awali ilikuwa vitu viwili vilivyounganishwa kwa mkanda mrefu. Upande mmoja palikuwa na kinu cha chuma cha aina ya Engelberg, kilichobuniwa Brazil mwaka 1885 na Evaristo Conrado Engelberg na kisha kuundwa kwa wingi Syracuse, New York. Ndani yake mna roli ya chuma yenye mbavu inayozunguka, kisu kinachosogezwa karibu au mbali, na chekecheke chini. Mpunga unaingia juu, unasuguana wenyewe kwa wenyewe na kwa chuma, na unatokea upande wa pili ukiwa mchele, huku ganda na pumba vikidondoka pamoja. Ni kifaa katili. Kinavunja punje, na ndiyo maana wali wa utotoni mwa wengi wetu ulikuwa na chenga nyingi. Fundi aliyejua kazi yake alikuwa na mkono mwepesi kwenye boliti za kile kisu. Asiyejua alikurudishia gunia la chenga na akakwambia mpunga wako ulikuwa haujakauka. (Mara nyingine ulikuwa haujakauka kweli.)

Upande wa pili wa mkanda palikuwa na injini, na katika Afrika Mashariki, kwa miongo mingi, injini hiyo ilikuwa Lister au mtoto wake wa nje.

Kampuni ya R. A. Lister ilianzishwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, Gloucestershire, Uingereza. Mwaka 1929 ilianza kuuza injini za dizeli za ukoo ulioitwa CS, herufi zenye maana ya kuwaka ikiwa baridi. Leo sifa hiyo haimshangazi mtu. Wakati ule ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa injini nyingi za mafuta mazito zilihitaji vichwa vyake vichomwe kwanza kwa taa ya moto, dakika kadhaa, ndipo zikubali kazi. Lister ilihitaji mkono wa binadamu tu. Iliyopendwa zaidi ilikuwa 6/1: nguvu farasi 6, silinda 1, mizunguko 650 kwa dakika. Ina uzito unaozidi kilo 300, na sehemu kubwa ya uzito huo imo katika zile flaiwili mbili, moja kila upande.

Piga hesabu kidogo. Injini ya mipigo minne huwasha mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 650, hiyo ni miwako 325 kwa dakika, mitano na ushee kwa sekunde. Sikio la mtu linaweza kuitenganisha. Ndiyo maana Lister haiungurumi. Inatamka. Mtu aliye shambani anasikia kila neno lake, na anajua kama mashine imewashwa, kama ina mzigo au inazunguka bure, kama foleni inasogea au fundi amekwenda kunywa chai. Injini ndogo ya Kichina iliyokuja baadaye, ile S195 iliyofungwa kwenye pawatila nyingi, huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Miwako yake 1,000 inaungana na kuwa sauti moja ya kukera. Simaanishi kwamba ni mbaya. Namaanisha haisikilizwi, inavumiliwa.

Kuiwasha Lister kulikuwa na utaratibu ambao watoto wa jirani waliujua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha. Kwanza unatazama maji. Haina rejeta wala pampu ya maji: kuna pipa, na mabomba mawili, moja la juu na jingine la chini. Maji yaliyopata moto ndani ya silinda yanapanda yenyewe kwenda juu ya pipa, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake, na mzunguko huo unaendelea siku nzima bila kipande kimoja cha chuma kinachotikisika. Kisha unatazama oili. Kisha unainua kile kiwiko kidogo kinachoishikilia valvu wazi ili pistoni isibane hewa, unaingiza hendeli, na unaanza kuzungusha. Taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zote. Flaiwili zinaanza kujivuta. Hapo mwenzako anaachia kiwiko, hewa inabanwa, mafuta yanapulizwa, na kama Mungu amependa, neno la kwanza linatoka.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani kwa kuwa kila aliyeivunja alitembea nayo: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine kwenye hendeli. Ukiizungushia gumba na injini ikapiga nyuma, inaondoka nalo. Fundi mmoja mzee niliyemtembelea ng'ambo ya mto alinionyesha gumba lake la kulia, limepinda kwa nje kama mkia wa nge.

"Shikamoo mzee," nilikuwa nimemsalimu.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kuuza?"

Nilipomwambia sikuja kwa lolote kati ya hayo, nimekuja kusikiliza tu, alicheka, akamtuma mjukuu alete kiti. Aliniambia injini haifichi ugonjwa. Ikikohoa asubuhi, tazama nozeli. Ikigonga ikiwa na mzigo, beringi ya konrodi imelegea. Moshi mweusi, umeizidishia mafuta au mzigo. Moshi wa bluu, inakula oili, ringi zimechoka. Moshi mweupe usiokwisha hata ikipata moto, mafuta hayaungui. "Na ikinyamaza ghafla?" nikamwuliza. "Hapo mwanangu mtafute mwenye pesa."

Maneno yake yana jambo ninalotaka msomaji aliangalie kwa utulivu. Ubavuni mwa Lister kuna mlango wa chuma ulioshikiliwa kwa nati chache. Ukizifungua unaona krankshafti, unaona konrodi, unaona kijiko kidogo kilicho chini ya konrodi kinachochota oili na kuirusha huku na huko. Ndiyo pampu yake ya oili: kijiko. Beringi kubwa imepakwa madini laini, na kati ya nusu zake mbili kuna vipande vyembamba vya bati. Ikilika, unatoa kipande kimoja, unafunga, unasikiliza. Ikilika tena, unatoa kingine. Hakuna kompyuta ya kuuliza. Aliyeichora Dursley alijua kwamba itauzwa mahali ambapo hatafika yeye wala mjumbe wake, na kwa hiyo aliacha mlango. Huo kwangu ndio urembo wa injini kuukuu, na si kutu wala kibao cha shaba chenye jina la mji wa mbali. Iliundwa kwa kudhani kwamba mtu atakayeishika ana akili.

Ile niliyoiita mtoto wa nje ilitoka Rajkot, jimbo la Gujarat, India. Mafundi wa huko waliinakili Lister kwa uaminifu mkubwa na wakaendelea kuinakili baada ya Dursley kuacha kuiunda katika miaka ya 1980. Watu hubisha sana juu yake. Kwa maoni yangu nakala ya Rajkot ni injini nzuri iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Mafundi wenye busara huifungua ikiwa mpya kabisa, kabla haijawaka hata mara moja, na kuisafisha mchanga wa kalibu uliosalia ndani ya bloku. Anayeruka hatua hiyo huusaga mchanga pamoja na mpunga, na beringi zake hudumu msimu mmoja. Lakini hesabu faida yake pia: kwa sababu ya Rajkot, injini ya Dursley ya mwaka 1950 ilipata spea miaka ya 1990. Pistoni iliingia. Valvu ilikaa. Ni mashine chache duniani zilizopata bahati ya ndugu kama hao.

Nimetaja S195, na sitaki kupita bila kulisoma jina lake, kwa kuwa majina ya injini ni starehe ambayo watu wengi wanaiacha bure. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, moja. Zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, 95. Basi. ZS1115 ni silinda moja ya milimita 115. Sasa nenda kwenye trekta la Massey Ferguson 135, lile jekundu lenye sura ya punda mpole, lililoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960. Injini yake ya dizeli ni Perkins wa Peterborough, na jina lake ni 3.152: silinda tatu, ujazo wa inchi za ujazo 152, yaani kama lita mbili na nusu. Ndugu yake 4.236 ana silinda nne na inchi 236. Mtu aliyekwishajua hayo anaweza kusimama mbele ya kibao kilichopauka, akapangusa vumbi kwa kidole, na injini ikajitambulisha.

Trekta lile lilipendwa kwa sababu zilezile za Lister. Slivu zinang'oka, zinaingizwa nyingine. Ringi zinapatikana. Hedi inashushwa na watu wawili. Nimeona injini ya 3.152 ikishushwa chini ya mkorosho, juu ya turubai, nati zote zikiwa zimepangwa kwenye sahani za chakula kwa mpangilio ambao fundi mwenyewe ndiye aliyeujua, na mke wake akiuliza kwa sauti ya juu ni lini atarudishiwa sahani zake. Jioni ya siku ya tatu lilikuwa linalima.

Na kinyume chake tumekwisha kukiona, tena si mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipoanza kulima karanga Kongwa, ilileta matingatinga yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita vya Pasifiki, pamoja na matrekta yaliyotokana na vifaru vya Sherman, yaliyogeuzwa na kiwanda cha Vickers na kubatizwa jina la Shervick. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, ukala majembe, na mashine nyingi zikalala kabla hata mashamba hayajafunguka. Mpango ulifutwa mwaka 1951. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu mvua, udongo na siasa za London, na wako sahihi. Mimi ningeongeza karakana. Vilifika vyuma vingi kuliko mikono iliyovielewa.

Reli ilikuja kwa njia tofauti. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976, na kipande chake kinachopita bondeni kimeubadilisha mji wa Ifakara kuliko kitu kingine chochote kabla ya lami. Wachina waliweka kambi na karakana kubwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, ili kulisha kazi ya mbele, ile iliyokuwa ngumu kuliko zote: kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Ifakara iko chini, joto, mabwawa. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na watu wake huvaa masweta. Kati ya vituo hivyo viwili reli inapita kwenye mahandaki mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia hiyo.

Wafanyakazi wa Kitanzania na wataalamu wa Kichina hawakuwa na lugha moja. Walifundishana kwa mikono: mashine inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa tena, mpaka mwanafunzi aweze kuifunga peke yake. Ni elimu ya polepole sana, na sijui nyingine inayokaa mwilini zaidi. Kazi ya reli ilipokwisha, karakana ya Mang'ula ikageuka kiwanda cha zana na vipuri, na kwa muda bonde la mpunga likawa na mahali pa kuchonga chuma. Vijana waliojifunza lethi pale walisambaa. Ukikutana na mchongaji mzuri Ifakara, muulize nani alimfundisha, kisha muulize aliyemfundisha alifundishwa na nani. Mara nyingi njia inaelekea relini.

Vichwa vya treni vya mwanzo vilikuwa DFH, kifupi cha Dong Fang Hong, maneno ya Kichina yenye maana kwamba Mashariki ni nyekundu. Vilitoka kiwanda cha Sifang, mjini Qingdao. Vidogo vilikuwa na nguvu farasi 1,000, vikubwa 2,000, na namna vilivyosukuma magurudumu ni ya kuvutia: injini ya dizeli haikushikana na magurudumu kwa gia wala haikuzalisha umeme. Ilikuwa inasukuma oili. Pangaboi moja linairusha oili, pangaboi la pili linaipokea na kugeuka, na mwendo unafika kwenye ekseli. Kwenye tambarare ya bondeni mambo yalikwenda laini kama siagi. Lakini oili inayosukumwa kwa nguvu hupata moto, na mlima wa Mlimba ni mrefu. Vichwa vilichemka, vilichoka, vilirudi karakana mapema kuliko ilivyopangwa.

Baadaye baadhi vilitolewa injini zake za asili na kufungwa MTU za Ujerumani. Na mwaka 1983 vikaja vichwa vya dizeli-umeme vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani Magharibi kwa mchoro wa General Electric ya Marekani. Hebu litazame hilo kwa jicho la siasa za wakati ule: reli ya ukombozi, iliyojengwa na China kwa sababu nchi za Magharibi zilikataa kuigharamia, ikipandishwa mlimani na mchoro wa Kimarekani. Chuma hakina itikadi, na dereva wa treni aliyesimama na mabehewa ya shaba kwenye kona ya Mpanga hakuwa na muda wa itikadi pia.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC ili reli hiyo ifufuliwe. Vichwa vipya vitakuja, na vije. Bonde limengoja vya kutosha. Ninachohofia ni vile vitakavyosogezwa pembeni. Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971, na humo kimesimama kichwa cha mvuke namba 5918, tani 252, aina ya Garratt kutoka Manchester, kati ya vichwa vyenye nguvu kuliko vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Jina lake ni Mount Gelai. Mlima Gelai uko Tanzania. Kichwa kiko Kenya, kimepakwa rangi, watoto wa shule wanapanda ngazi zake. Sisi Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, tumehifadhi magari ya marais, na tumefanya vizuri. Ila mashine iliyokoboa mchele wa karamu za ikulu tunaipeleka kwenye mizani.

Sitaki nieleweke kwamba nalilia kila kilichopita. Pantoni ya Kivukoni, kwa mfano, siililii. Kabla ya daraja, anayetoka Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge aliweka roho yake mikononi mwa injini za kivuko na mkondo wa mto Kilombero, na Januari 2016 kivuko kilipinduka. Daraja la mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018, na mgonjwa anavuka usiku bila kumwamsha nahodha. Kama kuna mtu anautamani mlio wa pantoni, avuke nayo masika akiwa na mjamzito, kisha tuzungumze. Hata viwanda vya sukari vya upande wa Kidatu, pamoja na roli zake za kukamulia miwa na boila zinazochomwa kwa makapi ya miwa yenyewe, sivitaji kwa huzuni: bado vinafanya kazi, na chuma kinachofanya kazi hakihitaji mtetezi.

Kidatu, hata hivyo, inanigusa kwa jambo moja. Bwawa lake lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na mitambo yake minne ina uwezo wa megawati 204. Kwa miaka mingi umeme huo ulipita juu ya vichwa vya watu kwenye nguzo ndefu ukielekea mbali, huku vijiji vilivyo chini ya nyaya vikiendelea kukoboa kwa dizeli. Ndiyo sababu ya umri mrefu wa Lister bondeni: haikuishi kwa kuwa watu waliipenda, iliishi kwa kuwa waya ulichelewa. Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007 na nguzo zikaanza kuingia vijijini, mota ilishinda bila kupigana. Pamoja na mota ikaja mashine ya Kichina yenye roli za mpira, inayovua ganda bila kuponda punje, na chenga zikapungua kwenye sahani. Ni maendeleo. Ninayala kila siku.

Mota ya umeme haina mlango ubavuni, au tuseme inao, lakini ukiufungua huoni kitu cha kujifunza: shaba iliyosukwa, imenyamaza. Ikiungua inapelekwa kwa msukaji, inasukwa, inarudi. Kijana anayeiendesha anabonyeza swichi ya kijani asubuhi na nyekundu jioni. Siku umeme unapokatika anakaa juu ya gunia akichezea simu, na mzee wa gumba lililopinda anapita, anamtazama, hasemi kitu.

Ndiyo nikafikia jibu la swali la mwembe. Pale kwenye mizani palikuwa na shule. Ilikuwa shule isiyo na ada, yenye mwanafunzi mmoja au wawili kwa wakati, na mtihani wake ulikuwa kusikiliza. Tukiivunja kwa nyundo kabla hatujaandika ilichofundisha, hakuna mahali pengine pa kwenda kusoma somo lile.

Nyundo si njia pekee ya kuagana na mashine. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wakishindwa vita ziwani Tanganyika, waliamua kuizamisha meli yao Graf von Götzen ili isiangukie mikononi mwa adui. Meli hiyo ilikuwa imeundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa kwenye makasha hadi Kigoma, ikaunganishwa upya. Mafundi walioiunganisha waliambiwa waizamishe. Waliizamisha, lakini kwanza walizipaka injini zake grisi nene, kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikiendeshwa na injini zilezile za mvuke, na ziliendelea hadi miaka ya 1970 zilipobadilishwa kuwa za dizeli. Wale mafundi hawakujua nani ataiopoa, wala kama ataiopoa. Walipaka tu grisi.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa na ambaye nyuma ya banda la baba yako, Ifakara, Mlimba, Itete au popote pale, kuna injini iliyofunikwa kwa gunia, nina maombi machache. Pangusa kibao, uandike namba zote, hata usizozielewa, na jina la aliyeiendesha kama bado yupo wa kukutajia. Kama maji yalibaki kwenye pipa na kwenye silinda, yamwage. Fungua mlango wa ubavuni uone kama kijiko kimezama kwenye oili au kwenye matope, na kama ni matope, yatoe. Kisha chomoa nozeli, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo ndani ya silinda, funika kwa kitambaa, uende zako. Rudi baada ya wiki. Shika flaiwili kwa mikono miwili, uisukume mbele kidogo, uirudishe nyuma kidogo. Isipogeuka, ongeza dizeli, ngoja wiki nyingine. Pistoni iliyoganda miaka kumi haina haraka, na ikianza kujitoa utaisikia kwenye viganja kabla ya kuiona. Nyundo iache nyumbani.